Ndoo ya Maua ya Godelieve

Kule Lovenkerke, kijiji cha Ubelgiji, mtu akitaka kukujua haulizi unasali wapi wala unafanya kazi gani. Anasubiri Agosti, anapita mbele ya nyumba yako akijifanya anatembeza mbwa, anatazama ukuta. Ukiwa umetundika vikapu vya maua ya begonia vinavyofurika kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, basi wewe ni mtu wa maana, hata kama mkeo hajakusemesha tangu Pasaka. Ukuta wako ukiwa mtupu, utasalimiwa kwa adabu zote, na ukishapita utahurumiwa.

Annelore alikuwa amehurumiwa miaka minne mizima. Alitoka pwani, Oostende, ambako upepo hauliachi ua lolote liwe na majivuno, akaolewa na Wannes, fundi bomba, mtu mwema ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea nyuma ya stempu. Mwaka wa tano, akiwa na mtoto wa miezi mitano kiunoni, Annelore akasema sasa basi. Februari akaleta nyumbani viazi kumi na viwili vya begonia, maana ua hilo hupandwa kwa kiazi, vikavu, vya kahawia, bapa kama biskuti zilizokaliwa na mtu mnene. Akavilaza kwenye trei ya mboji yenye unyevu, upande wa kishimo juu, trei akaiweka dirishani jikoni. Upande huu mtoto wake Mirte anaota meno, upande ule viazi vinachipua, na yeye yuko katikati, hajui ni kipi kinachomkosesha raha zaidi.

Katikati ya Mei, baridi za mwisho zilipokwisha, akavitoa nje. Vikapu vinne vya kuning'iniza, viazi viwili kila kimoja, na vyungu vinne chini ya dirisha. Akamwagilia asubuhi, akageuza vikapu kufuata jua, akasema navyo. Ilipofika Agosti ukuta wake ulikuwa unawaka: machungwa, njano, nyekundu, ua moja upana wa kisahani cha kahawa. Watu wenye mbwa wakaanza kupita mara mbili. Mmoja alipita mara tatu, na hana mbwa.

Mtu mmoja tu hakufurahi, na huyo alikuwa anaishi ndani ya nyumba.

Godelieve, mama mkwe wake, alikuwa na miaka sabini na saba na alikaa chumba cha nyuma, kile kisicho na joto, ambacho alikipenda hivyohivyo. Yeye alilima begonia miaka arobaini. Na kwa mkulima wa begonia, ua ni uchafu. Kinachouzwa ni kiazi. Ua likiachwa linanyonya kiazi, kiazi kinabaki kama kishikizo cha shati, mnunuzi anacheka, watoto wanakula supu ya vitunguu hadi Krismasi. Kwa hiyo Julai mpaka Septemba wanawake walitambaa kwa magoti mistari mizima wakichuma maua yote na kuyatupa kwenye ndoo. Wageni waliosimamisha magari kupiga picha mashamba yale hawakujua kwamba wanapiga picha takataka zinazongoja kutupwa, na hakuna aliyewaambia, kwa sababu walikuwa na furaha sana.

"Unavitesa," Godelieve alimwambia Annelore kila asubuhi, akinyoosha kidole kwenye vikapu.

"Mama, haya ni mapambo. Hatuuzi viazi."

"Kiazi hakijui kama hukiuzi."

Mbishi asiyenyamaza anachosha, lakini Annelore alimpenda. Huyu ndiye aliyemfundisha kumnyamazisha Mirte kwa kumlaza tumbo juu ya mkono kama kitambaa cha mhudumu wa mkahawa. Huyu ndiye aliyekaa na mtoto Jumamosi, Annelore akienda kuuza mikate. Ni kweli, mara mbili kijisufuria cha maziwa kilikuwa kimeungua jikoni mama akiwa amekaa hatua tatu pembeni. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili Wannes alifungua dirisha bila kusema neno, na kwa Wannes hiyo ni hotuba.

Habari za kijisufuria zilimfikia Reinhilde. Reinhilde ni wifi yake Annelore, binti mkubwa wa Godelieve, anayekaa Gent katika nyumba ambayo joto lake linatoka sakafuni. Mungu alimjalia kila kitu isipokuwa nafasi. Alikuja Jumapili moja kwa mwezi na keki ya wali wa maziwa, akaikata, akatazama saa, akatoa karatasi za rangi kutoka mkobani. Karatasi zilikuwa za nyumba ya wazee inayoitwa Jua la Jioni. Kwenye picha wazee wote walikuwa wanacheka, hata aliyelala.

"Ni pazuri, wifi," Reinhilde alisema. "Wana daktari, wana kinanda, wana bustani."

"Bustani ya nini?" akauliza Godelieve kutoka kwenye kiti chake.

"Ya maua, Mama."

"Yanachumwa?"

"Yanatazamwa."

"Maskini," akasema Godelieve, na hakueleza anawasikitikia maua au wazee.

Annelore alikuwa akijibu hivihivi kila mwezi: Mama yuko sawa, Mama anabaki hapa. Na Reinhilde, ambaye bila idhini ya wenye nyumba asingeweza kumhamisha mtu, alizirudisha karatasi mkobani taratibu, kama mtu anayejua kwamba mvua itanyesha tu.

Ikanyesha Jumamosi ya waamuzi.

Kila mwaka, siku ile kijiji kinapotandika mazulia ya maua mbele ya kanisa, waamuzi watatu wanazunguka kupima kuta. Walitarajiwa mtaani kwa Annelore saa nane mchana. Yeye aliuza mikate mpaka saa sita, akakimbia nyumbani na baiskeli, kikapuni mikate sita midogo, moyoni kibao cha mshindi ambacho tayari alikuwa ameshachagua pa kukipigilia.

Akapita mbele ya nyumba yake bila kuitambua.

Ilimbidi arudi. Ukuta ulikuwa wa kijani, vikapu vinne vya kijani, vyungu vinne vya kijani, majani safi yanayong'aa, na hakuna hata ua moja. Chini yake, juu ya kigoda, alikaa Godelieve, vidole gumba vikiwa na rangi ya machungwa hadi kwenye kifundo. Mbele yake ndoo mbili zilizojaa mpaka mdomoni. Pembeni Mirte ndani ya kigari, ameshika ua jekundu kwa mikono miwili, amelila robo.

"Umechelewa," akasema Godelieve kwa furaha. "Nimemaliza. Viazi vilikuwa vimefikia pabaya, mwanangu, wiki mbili zaidi ungekosa kila kitu."

Annelore aligeuza kikapu cha kwanza, huenda nyuma limebaki ua moja. Halikubaki.

"Usinishukuru," Godelieve akaongeza. "Shika mtoto, mgongo umekufa."

Na kwa kuwa siku mbaya haipendi kuja peke yake, gari la Reinhilde likasimama hapohapo. Amekuja kwa ajili ya sherehe, viatu vyeupe, keki mkononi. Akatazama ukuta, akazitazama ndoo, akamtazama mama yake. Akaweka keki juu ya boneti.

"Wifi," akasema kwa sauti ya msibani, "tangu lini amekuwa hivi?"

"Amekuwaje?" akauliza Godelieve.

"Mama, umeharibu maua ya mashindano! Leo! Hujui leo ni siku gani?"

"Jumamosi. Jumamosi tulikuwa tunachuma mpaka saa saba."

Reinhilde akamgeukia Annelore, akanyanyua nyusi. Nyusi zile zilisema kila kitu ambacho karatasi za rangi zilikuwa zikisema kwa mwaka mzima.

Waamuzi walikuwa watu wa kutimiza ahadi. Saa nane kamili walifika na kadi zao, wakiongozwa na Bwana Coppieters, mwalimu mstaafu, mwenye rula mfukoni. Walisimama. Mmoja akakohoa. Bwana Coppieters alitoa rula, akatafuta ua la kupima, akairudisha mfukoni.

"Majani," akasema hatimaye, "yana afya njema."

"Ahsante," akajibu Godelieve.

"Na ndoo ni safi."

Wakaandika. Wakaondoka. Jirani wa mbele, ambaye begonia zake zilikuwa na upana wa vikombe vya mtoto, aliinamisha kichwa kwa huruma, akaingia ndani ili aweze kucheka kwa nafasi.

Hapo ndipo Annelore aliposema. Hakupiga kelele, na pengine angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisimama mlangoni na mtoto mwenye mdomo mwekundu, akasema, "Labda wifi anasema kweli. Labda siwezi tena."

Reinhilde hakuhitaji kusikia mara ya pili. Kabla keki haijakatwa alikuwa ameshapiga simu Jua la Jioni, ameegemea boneti. Chumba kingepatikana tarehe mosi Desemba; kabla ya hapo mtu wao angekuja kumhoji Mama na kuchukua saini. Na Godelieve, aliyekuwa anajifuta rangi vidoleni kwa aproni, aliendelea kufuta na kufuta, hata rangi ilipokwisha.

Tangu siku hiyo mbishi akanyamaza. Hakuna aliyeambiwa anavitesa viazi. Maua yalirudi Septemba, madogo lakini mengi, naye akayapita bila kuyatazama. Annelore akimuuliza jambo, jibu lilikuwa moja, kwa upole unaokata.

"Mama, nipunguze maji sasa?"

"Sijui, mwanangu. Akili zangu si unazijua. Muulize Reinhilde, ana simu."

"Mama, niviingize ndani lini?"

"Viingize wapi? Mimi huwa nakumbuka Jumamosi tu."

Annelore alikuwa na adabu ya kustahimili maneno yale na kuyameza. Alitaka kuomba radhi, lakini huko Lovenkerke radhi haiombwi kwa mdomo. Mtu anakuletea supu, au anakukatia ua wa miti usiku... hapana, mchana kweupe, ili majirani waone. Alileta supu. Godelieve aliinywa, akasifu chumvi, akarudi kunyamaza.

Mwishoni mwa Oktoba jalidi ya kwanza, ule umande wa barafu, ikaanguka. Asubuhi begonia zote zilikuwa zimelegea, nyeusi, kama kitambaa kilichochemshwa. Ndiyo siku yenyewe ya kuving'oa viazi. Annelore alishusha vikapu barazani nyuma, akavaa glavu, akafungua simu. Simu ilimwambia mambo sita yanayopingana. Akashika shina la kwanza, akalivuta. Likatoka na kipande cha kiazi, jeraha jeupe lenye maji. Akavuta la pili. Vilevile.

Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi kidogo, kama kawaida. Ndani yake kitu kilikohoa.

Hakuangalia nyuma. Aliliacha la tatu, akachimba pembeni kwa mikono, akaingiza vidole chini ya mizizi, akanyanyua. Akadhani ameshika jiwe. Akapangusa udongo.

Kilikuwa kiazi. Februari alikiweka kikiwa saizi ya biskuti; sasa kilimjaa kiganja na kumwagika pembeni, kizito, kigumu, kina manyoya ya mizizi kama kidevu cha mzee. Akachimba cha nne, cha tano. Vyote hivyohivyo. Akavipanga kumi na viwili kwenye vigae vya baraza, akachuchumaa kuvitazama.

Mtu aliyepotewa na akili hachumi hivi. Mtu aliyepotewa na akili anachuma nusu, anararua majani, anasahau chungu cha mwisho. Godelieve hakuwa ameacha hata tumba. Hakuwa amevunja hata shina. Siku ile hakuwa amesahau kitu chochote. Alikuwa amekumbuka vizuri mno, basi, kazi ya miaka arobaini, akaifanya kwa moyo wote kwenye vikapu vya mtu aliyetaka kitu kingine. Alimkosea Annelore, ndiyo. Alimkosea kama mtu mzima mwenye kichwa chake anavyomkosea mwenzake. Na Annelore, kwa aibu ya rula ya mwalimu mstaafu, alikuwa amemsaini kuwa mgonjwa.

Wiki mbili baadaye akaja Bi Verstuyft wa Jua la Jioni, mwanamke wa makamo mwenye kalamu tatu na viatu vya kutembea. Reinhilde alikuwa amewahi, na keki. Wannes alikuwa amekaa kwenye kona ya sofa, akimpakata Mirte kama ngao.

Godelieve alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mikono juu ya mapaja, uso kama ukuta wa jirani wakati wa baridi.

"Bi Godelieve," akaanza Bi Verstuyft kwa sauti ya kuongea na bata, "unaweza kuniambia leo ni tarehe ngapi?"

"Muulize binti yangu. Anayo kalenda."

"Na waziri mkuu wetu ni nani?"

"Kwani wameshapatana kuunda serikali?"

Bi Verstuyft akasita, maana ni kweli vyama vilikuwa bado vinavutana. Akatafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jibu hilo, hakupaona.

"Unaona?" Reinhilde akasema. "Hajibu."

"Amejibu," akasema Wannes. Wote wakageuka. Mirte pia.

Bi Verstuyft akafunua ukurasa. "Hapa imeandikwa kwamba familia imeshindwa kumtunza nyumbani. Aliyesema hivyo ni nani?"

Annelore alikuwa amejipangia maneno tangu Jumatatu, maneno mazuri, yenye mpangilio. Yote yakatoroka kama wageni wanaposikia vyombo vinahitaji kuoshwa.

"Mimi," akasema. "Nilisema mimi. Na nilisema uongo."

"Wifi!" Reinhilde akaweka kisu cha keki mezani. "Aliharibu maua yako mbele ya macho yako."

"Hakuharibu. Alichuma. Twende nikuonyeshe ukubwa wa viazi." Akanyoosha kidole kuelekea barazani. "Ningekuwa nimemwambia siku moja kabla, Mama, kesho waamuzi, usiguse, asingegusa. Sikumwambia. Niliona atajua tu. Basi nilipoaibika mbele ya watu nikamtupia yeye aibu yangu, kwa sababu yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, hawezi kukimbia."

"Na sufuria? Sufuria nayo ilichumwa?"

"Sufuria iliungua. Mara mbili. Sisemi hasahau kitu. Anasahau. Na kuna siku atasahau zaidi, na siku hiyo tutakaa hapahapa tuzungumze, yeye akiwepo, siyo kwenye simu juu ya boneti."

"Nitafunga jiko linalojizima lenyewe," akasema Wannes. "Ninalo kwenye gari. Tangu Septemba."

Hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu kiapo cha ndoa, na Annelore alitamani kumbusu na kumpiga kwa wakati mmoja. Tangu Septemba!

Godelieve alikuwa bado hajasogea. Ila mikono mapajani ilikuwa imeshikana.

Bi Verstuyft alifunika kalamu moja. Alionekana ghafla si mtu wa fomu, bali mtu aliyechoka aliyesikia neno moja tu katika mazungumzo yote. "Samahani," akasema, "hivyo viazi… vyangu mimi huoza kila mwaka. Vya marehemu mama. Naviweka vizuri, Januari navikuta uji."

Kisha, kutoka ndani ya gauni la kanisani, sauti ambayo nyumba haikuisikia tangu Agosti.

"Unaviweka ndani ya nini?"

"Mfuko wa nailoni. Nimeufunga vizuri."

"Umeufunga vizuri," akarudia Godelieve, kama daktari aliyeonyeshwa kidonda. "Na shina? Unalikata au unaling'oa?"

"Nang'oa."

"Na maji mara ya mwisho umemwagilia lini kabla ya kung'oa?"

"Siku… siku ileile?"

Godelieve aliwageukia wengine. "Na huyu ndiye anayekuja kutazama kama mimi naweza kukaa nyumbani."

Bi Verstuyft alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini alikuwa ameshageuza fomu na anaandika nyuma yake. Godelieve akamsomea, polepole, kama imla ya shule. Maji yapunguzwe kuanzia Septemba, mwishoni yasitishwe kabisa. Jalidi ipige majani kwanza. Shina likatwe shubiri moja juu, kiazi kilazwe mahali pakavu penye hewa, na kisiguswe. Shina litaachia lenyewe, siku yake ikifika, na anayelilazimisha anafungua mlango wa kuoza. Kisha mboji kavu, sanduku la mbao, chumba cha baridi kisicho cha barafu. Kila baada ya wiki mbili mtu apige magoti anuse. Kinachooza kinanuka kabla hakijalainika. Kichongwe kwa kisu, kipakwe unga wa mkaa, kitengwe.

"Kila wiki mbili?" akauliza Bi Verstuyft.

"Majira yote ya baridi. Kwa hiyo anatakiwa mtu anayekaa nyumbani."

Hakumtazama Annelore aliposema hivyo. Alitazama dirisha. Lakini Annelore alisikia mlango ukifunguliwa kwa upana wa kidole, akaweka mguu.

"Chumba cha baridi tunacho kimoja tu, Mama," akasema. "Chako. Nilifikiri masanduku yakae chini ya kitanda."

"Viko vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Kumi. Viwili umevinyofoa shingo, nilikuona. Nilikohoa."

"Nilisikia."

"Basi ungeacha kwenye cha kwanza."

"Nisamehe, Mama." Na Annelore akalitamka hivyohivyo, kwa mdomo, bila supu, mbele ya watu, jambo lisilofanyika Lovenkerke. Godelieve alikunja uso kama aliyelambishwa ndimu.

"Haya, haya. Usinililie juu ya keki. Mwaka ujao vikapu vya kushoto vyangu, vya kulia vyako. Vyangu havitazamwi na waamuzi."

"Vyako viwe nyuma ya nyumba."

"Nyuma hakuna jua."

"Basi kimoja mbele."

"Viwili."

"Mama!"

"Kimoja, na vyungu vyote."

Wannes alimhamisha Mirte goti lingine, akakaa vizuri zaidi. Ni wazi majira ya baridi yangekuwa marefu.

Bi Verstuyft aliandika kwamba familia imeghairi, kwamba chumba apewe anayefuata, akakunja karatasi yenye maelezo ya viazi na kuiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Fomu aliishika mkononi tu. Alipoondoka, Reinhilde naye alisimama, akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu ambayo vifungo havikustahili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye mbaya, basi," akasema. "Nakaa kule, kila simu ikilia nadhani ni nyumba imeungua. Lakini mbaya ni mimi."

Godelieve alimtazama binti yake akipambana na kifungo cha mwisho.

"Annelore," akasema mwishowe, "mletee wifi yako kiazi kimoja."

Annelore alienda barazani, akarudi na kimojawapo cha vile viwili vyenye jeraha, kwa sababu yeye naye ni binadamu.

"Si hicho," akasema Godelieve. "Kile kikubwa kuliko vyote. Huyu ni mwanangu, si mwamuzi."

Kikaletwa kile kikubwa, kimefungwa kwenye gazeti la juzi. Godelieve alikiweka mwenyewe kwenye viganja vya binti yake.

"Ukikifikisha Machi kikiwa hai, nitapanda gari lako twende nikaione hiyo bustani yao ya kutazama. Nitakwenda kuona tu. Sitabeba sanduku."

"Mama, kwangu joto linatoka sakafuni. Hakuna mahali pa baridi."

"Tafuta."

Reinhilde alikitazama kile kiazi, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hakutazama saa. Alikigeuza huku na huku, kwa woga, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wengine.

"Nikimwagilie?" akauliza.

"Thubutu!" wakapiga kelele Godelieve na Annelore kwa pamoja.

Reinhilde akafungua kifungo kimoja cha koti, kisha cha pili, akavuta kiti karibu na cha mama yake, akakaa.